Walimu Saba na Kozi Moja ya Bure: Kisa cha Wete

Jumatatu ya tarehe 26 Februari 2024, walimu saba wa skuli moja ya sekondari wilayani Wete, Pemba, tulijisajili siku moja katika kozi ya bure ya takwimu iliyokuwa ikitolewa mtandaoni na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Wanne walikuwa wanawake na watatu wanaume. Sote tulikuwa na stashahada au shahada, sote tukifundisha hisabati au sayansi, na haja yetu ilikuwa moja: kila baada ya mtihani tulibaki na majedwali marefu ya alama za wanafunzi ambayo hatukujua kuyafanyia kitu zaidi ya kutafuta wastani na kuupeleka ofisini. Kozi ilikuwa ya wiki 12. Wiki 12 zilipotimia alikuwa amemaliza mtu mmoja tu.

Kisa hiki kinawahusu wale sita waliobaki njiani, nikiwemo mimi mwenyewe, na namna tulivyoisoma kozi ileile mara ya pili kwa njia nyengine kabisa. Nakiandika kwa sababu naamini kwamba maelezo yanayotolewa duniani kuhusu wanafunzi wengi kuziacha kozi hizi yana upungufu mkubwa, na kwamba upungufu huo unaonekana vizuri zaidi kutoka katika chumba kimoja cha skuli ya Pemba kuliko kutoka katika kumbukumbu za mamilioni ya watu zilizohifadhiwa na majukwaa, yaani tovuti zinazotoa kozi hizi.

Ahadi ya kumpa kila mtu elimu ya chuo kikuu bure kupitia mtandao ni ya zamani kidogo. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka nyenzo za masomo yake mtandaoni bila malipo. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliifungua kozi yao katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, kwa yeyote aliyetaka kuifuata. Wanafunzi 25 hivi walikuwa wamelipa ada, na zaidi ya 2,000 wakaingia bure. Mwishoni mwa 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi ya akili bandia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ikavuta watu wapatao 160,000 wa nchi zaidi ya 190, na mwaka uliofuata yakaanzishwa majukwaa ya Coursera na edX. Kuanzia hapo ikawa inasemwa wazi kwamba mtoto wa mkulima popote alipo ataweza kukaa mbele ya mhadhiri yuleyule anayemfundisha mtoto wa tajiri.

Hadithi iliyopendwa zaidi katika kuieneza ahadi hiyo ni ya kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, Mongolia, aliyepata alama zote katika kozi ya saketi na elektroniki ambayo MIT iliitoa mwaka 2012. Waliojisajili walikuwa karibu 155,000, waliofaulu 7,157, na waliopata alama kamili 340 tu. Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kana kwamba kijana alikaa peke yake na kompyuta yake mpaka akafika kileleni. Lakini mkuu wa skuli yake alikuwa ndiye Mmongolia wa kwanza kuhitimu MIT, ndiye aliyeipeleka kozi hiyo kwa wanafunzi wake, na ndiye aliyemwita rafiki yake kutoka Marekani aje na vifaa vya maabara awafundishe vijana hao ana kwa ana. Sehemu hiyo ya hadithi haikutufikia sisi wa Wete wakati tunajisajili. Laiti ingetufikia, huenda tungeanza vyengine.

Kwetu Pemba, hata kuweza kuanza ni jambo la juzi. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika pwani ya Dar es Salaam na kuifungulia nchi intaneti ya kasi kupitia baharini. Mwaka 2010 kisiwa chetu kiliunganishwa na umeme wa gridi ya taifa kwa waya mwengine uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Mhadhara wa video unaofunguka kwenye simu ya mwalimu wa Wete umepita baharini mara mbili, kwa umeme wake na kwa data zake, na jambo hilo lilikuja kuwa na maana katika kisa chetu.

Wiki ya kwanza tulikuwa saba. Kila mtu alisoma kwake, kwa simu au kwa kishikwambi, kwa kuwa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye na baadhi yetu tulikuwa navyo. Wiki ya pili aliacha mmoja, na sababu yake ilikuwa bando. Saa moja ya mihadhara ilikula, kwa hesabu yetu wenyewe, zaidi ya megabaiti 300 hata tukishusha ubora wa picha, na bando la wiki ambalo mwenzetu alilinunua kwa matumizi ya nyumba nzima lilikwisha kwa masomo ya siku mbili. Mtoto wake wa Kidato cha Nne alikuwa akilitegemea bando hilohilo. Kwa hiyo suala la kozi kuwa bure halikuwa na uzito nyumbani kwake, kwani aliyekuwa akilipa alikuwa yeye, na alikuwa akilipa kwa kumnyima mwanawe.

Tarehe 12 Machi ikaingia Ramadhani, na kozi ilikuwa katika wiki ya tatu. Ratiba ya kozi ilitengenezwa na watu ambao mwezi huo kwao ulikuwa mwezi kama miezi mengine, na siwalaumu kwa hilo, lakini lazima lielezwe. Kwa mwanamke mwenye nyumba hapa kwetu, muda wa baina ya alasiri na magharibi ni wa kupika futari. Baada ya futari kuna tarawehe. Baada ya tarawehe kuna kutayarisha daku. Muda pekee uliobaki ulikuwa usiku wa manane, na anayefunga mchana na kufundisha vipindi vitano hawezi kuutumia huo kila siku. Wenzetu wawili wa kike waliacha katika wiki hizo, mmoja baada ya mwengine, bila ya kumwambia mtu. Mimi nilikuja kujua baada ya Idd kwamba wameacha.

Wawili wengine waliacha katika moduli ya uwezekano, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu suala la lugha huelezwa kwa wepesi mno. Sisi walimu wa sekondari hufundisha masomo yetu kwa Kiingereza. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeshindwa kusoma kurasa za kozi. Kilichotushinda ni kusikiliza. Mhadhiri alizungumza haraka, kwa lafudhi ambayo masikio yetu hayakuizoea, na alipofika mahali pagumu alitoa mfano wa kulainisha. Mifano yake mingi ilikuwa ya besiboli. Alieleza maana ya uwezekano kwa kutumia wastani wa mchezaji wa kuupiga mpira, akarudi kwenye mfano huo wiki nzima, na kila aliporudi sisi tulilazimika kwanza kuutafuta mchezo wenyewe ulivyo ndipo tuitafute takwimu iliyomo ndani yake. Mwenzangu mmoja aliniambia baadaye kwamba kanuni aliifahamu tangu mwanzo. Kilichomchosha ni maelezo ya kanuni. Mfano unapokuwa mzito kuliko jambo unalolieleza, mwanafunzi huanza kujidhania kwamba kichwa chake ndicho kilichofika mwisho, na mwalimu aliyefundisha hisabati kwa miaka tisa akishajidhania hivyo hatakuja kukwambia. Ataacha kimya.

Tukabaki wawili. Mtihani wa moduli ya tatu, uliobeba robo ya alama zote, ulikuwa ufungwe Jumapili ya tarehe 12 Mei usiku. Mwenzangu aliutuma Jumamosi. Mimi Jumamosi nilikuwa mazikoni Konde, nikapanga kuufanya Jumapili asubuhi, na Jumapili hiyo nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini kote kiasi kwamba ukurasa wa mtihani haukufunguka hata mara moja. Huduma ilirejea polepole katika siku zilizofuata. Niliandika kuomba muda zaidi, na jibu lililonijia lilikuwa la mashine: lilinikumbusha tarehe ya mwisho na kunieleza umuhimu wa kupanga wakati. Nililisoma jibu hilo mara nyingi. Nilikuwa nimekwenda wiki kumi na moja.

Aliyemaliza alistahili, na sitaki kumpunguzia chochote. Lakini katika uchambuzi wa kisa ni lazima tuulize kwa nini yeye. Alikuwa na shahada ya hisabati, hajaoa, anakaa kwa ami yake ambaye nyumba yake ina intaneti ya kazini, na chuoni alikuwa amekwisha kusoma zaidi ya nusu ya yaliyomo katika kozi ile. Aliyefika alikuwa ndiye aliyekuwa na haja ndogo kuliko sote. Hali hii si ya Wete peke yake. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwahoji karibu wanafunzi 35,000 wa kozi zake za Coursera, na ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 80 walikuwa tayari wana shahada au stashahada ya elimu ya juu. Na katika nchi kama Brazil, India na Afrika Kusini, wengi mno walitoka katika tabaka dogo la watu wenye mali na elimu kuliko wenzao. Mlango ulifunguliwa kwa wote, wakaingia kwa wingi wale waliokuwa wamekwisha kuingia milango mengine.

Takwimu za kumaliza nazo zinajulikana. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa kozi ambazo MIT na Harvard walizitoa kupitia edX tangu 2012 hadi 2018, wenye kumbukumbu za usajili milioni 12.67. Zaidi ya nusu ya waliojisajili hawakuifungua kozi hata mara moja, na katika mwaka 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Kwa kipimo hicho, skuli yetu iliyotoa mmoja kati ya saba ilifanya vyema kuliko dunia. Kwa kipimo cha wanafunzi wetu, ambao mwaka ule bado walisomewa wastani na kuambiwa waongeze bidii, hatukufanya kitu.

Wapo waliozisoma tarakimu hizo wakasema kwamba anayelipa ndiye anayethamini, na kwamba dawa ni kutoza japo kidogo. Mimi nakataa. Fedha haimfundishi mtu takwimu. Anayelipia cheti huwa amekwisha kuamua, na mara nyingi ana mwajiri, muda na kadi ya benki vinavyomsaidia kutimiza alichoamua. Wengine wakajaribu kumsukuma mwanafunzi kwa mbali. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililohusu karibu wanafunzi 250,000 katika kozi zipatazo 250, ambamo wanafunzi waliombwa mwanzoni waandike mipango yao ya kusoma na mambo mengine ya kuwatia nguvu. Faida iliyopatikana ilikuwa ndogo, na ile ya kuandika mipango ilionekana katika wiki za mwanzo kisha ikafifia.

Jibu letu lilitoka kwa mwenzetu mkubwa kuliko sote kwa umri, ambaye walimu wote humwamkia shikamoo, na ambaye marehemu baba yake alikuwa akisomesha darsa. Yeye ni mmoja wa wale wawili walioacha katika Ramadhani. Mwezi wa Julai, tukiwa katika chumba cha walimu, aliuliza swali moja: "Ulipoacha, nani alikuuliza?" Tukatazamana. Jukwaa lilikuwa likituletea barua kila wiki, likitutaja kwa majina na kusema kwamba linatukumbuka. Sisi kwa sisi, tuliokuwa tukikaa chumba kimoja kila siku ya kazi, hatukuwa tumeulizana hata mara moja.

Swali hilo lina mizizi yake. Zanzibar imekuwa na elimu ya bure tangu kabla ya intaneti na kabla ya skuli za serikali. Katika misikiti ya Mji Mkongwe, ukiwemo Msikiti Gofu na Msikiti Barza, watu wazima wenye kazi zao walisoma kwa miaka mingi vitabu vya fikihi, nahau na tafsiri bila ada na bila cheti cha karatasi. Ukiitazama darsa kama njia ya kufundishia utaona kwamba ina viungo vitatu. Kitabu ni cha Kiarabu, lakini maelezo yanatolewa kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Wakati wake umefungwa kwenye sala, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuupanga upya kila wiki. Na anayekosekana huulizwa, kwanza na mwenzake wa pembeni, kisha na sheikh. Kozi yetu ilikuwa na kitabu kizuri sana, pengine bora kuliko chochote tulichowahi kukipata, lakini viungo vyake vyengine vyote vilikosekana, na sisi tulikuwa na viungo hivyo mikononi kwa muda wote tusivitumie.

Tukaanza upya Jumanne ya tarehe 3 Septemba 2024. Kozi ilikuwa sasa imewekwa kwa mtindo wa kujisomea bila tarehe. Yule aliyemaliza alikaa mbele, sisi sita tukazunguka. Tulikutana Jumanne na Jumamosi, saa 10 alasiri, katika chumba cha kompyuta cha skuli, tukimaliza kabla ya magharibi. Kazi ya kupakua nyenzo ilipewa mtu mmoja, usiku, kwa bando la usiku ambalo ni rahisi, kisha zikagawiwa kwa flashi kwa wengine. Bando moja likatosha watu saba. Video tulizitazama mara chache. Jukwaa lilitoa pia maandishi ya kila mhadhara, na maandishi ya mhadhara unaokula makumi ya megabaiti hayafiki hata megabaiti moja. Tuliyachapisha. Mmoja alisoma aya kwa Kiingereza, mwengine akaieleza kwa Kiswahili, na wa tatu akapinga pale maelezo yalipokuwa dhaifu. Istilahi tuliziandika ubaoni tukabishana juu yake: sampuli, uwezekano, mkengeuko sanifu (kipimo cha namna tarakimu zinavyotawanyika mbali na wastani wake). Ubishi huo ulikuwa ndio somo lenyewe, kwa maana huwezi kubishania jina la kitu usichokifahamu.

Na besiboli tuliiondoa. Msimu wa karafuu ulipoanza, mwenzetu mmoja mwenye mikarafuu ya urithi alileta daftari lake la wachumaji. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na daftari lilionyesha kila mtu alichuma pishi ngapi kwa siku. Watu wawili walikuwa na wastani unaolingana, lakini mmoja alichuma karibu kiasi kilekile kila siku, na mwengine siku moja alikuwa wa kwanza na siku ya pili haonekani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tena mkengeuko sanifu unapima nini. Tangu utotoni kila mmoja wetu amewahi kusikia mtu akisifiwa au kulalamikiwa chini ya mkarafuu kwa jambo hilohilo, ila bila ya kanuni yake.

Kozi ya wiki 12 tuliisoma kwa wiki 17. Tulisimama wiki mbili kwa ajili ya karafuu, na tulirudia moduli ya uwezekano kwa sababu hatukuridhika nayo. Kati ya sita, mmoja alihamishiwa Unguja mwezi wa Oktoba na mmoja alijifungua mwezi wa Novemba. Wanne walifika mwisho.

Hapa upo ukweli ambao ningependa kila anayezisoma takwimu za majukwaa aujue. Mtihani wa mwisho wa kozi ulikuwa umefungwa kwa wasiolipa. Cheti kilikuwa kama dola 50, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa shilingi 130,000 hivi, na zilitakiwa kwa kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya nje. Tulitunga mtihani wetu wenyewe, aliyekaa mbele akausahihisha. Wawili waliomba kusamehewa ada, wakaandika maelezo marefu ya Kiingereza kuhusu hali zao, wakasubiri, wakakubaliwa, wakapata vyeti. Wawili waliobaki hawakuomba. Katika hesabu za jukwaa, watu wanaokijua kile walichokijifunza kwa undani kuliko nilivyokijua mimi wiki ya kumi na moja ya awamu ya kwanza, wameandikwa kuwa hawakumaliza.

Vyeti viwili vilivyopatikana vilipelekwa katika ofisi moja inayoshughulikia mambo ya utumishi. Vilipokelewa kwa heshima na kuwekwa katika mafaili, na ikaelezwa kwamba haupo utaratibu wa kuvihesabu katika kupandishwa daraja. Sidhani kama afisa aliyejibu alikosea, kwa sababu hawezi kubuni utaratibu mezani kwake. Lakini wapo vijana wengi wa Pemba wanaozifuata kozi hizi kwa kutumaini ajira, na ni haki yao kujua kabla ya kuanza kwamba karatasi hiyo hapa haijapata pahala pake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho nacho hufundisha kwa masafa, hutoa shahada inayotambuliwa na kina vituo ambamo mwanafunzi anaweza kubisha hodi. Kozi za majukwaa hazina hodi ya kubishwa.

Wala hazina uhakika wa kudumu. Mwaka 2021 MIT na Harvard waliiuza edX kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwezi wa Julai 2024, katikati ya awamu zetu mbili, 2U iliomba hifadhi ya kufilisika. Jukwaa letu lilikuwa jengine, na edX iliendelea kufanya kazi. Hata hivyo, tangu siku hiyo tuliamua kuchapisha na kuhifadhi kila ukurasa ulioruhusiwa kupakuliwa.

Najua linaloweza kusemwa dhidi yetu. Tulikuwa na mtu aliyekwisha kuimaliza kozi, tulikuwa na chumba chenye umeme, na skuli yenye walimu wawili tu wa sayansi haiwezi kuunda halaka, yaani duara la kusomea, kama yetu. Ni kweli. Ndiyo maana nadhani hoja hii inazihusu wilaya zaidi kuliko mtu mmoja mmoja. Vituo vya walimu vipo Unguja na Pemba, na nauli ya mtu mmoja anayelijua somo, kwenda kituoni mara mbili kwa wiki kwa miezi minne, ni ndogo kuliko bei ya kishikwambi kipya. Fedha nyingi zimekwenda kwenye vifaa kwa sababu kifaa huonekana na hupigwa picha kinapokabidhiwa. Mtu wa kuuliza "mbona hukuja?" hapigwi picha.

Mwezi wa Januari 2025 tulichukua alama za hisabati za wanafunzi 112 wa Kidato cha Pili wa mwaka uliopita na kuzichora kwa mara ya kwanza badala ya kutafuta wastani wake tu. Wastani ulikuwa 41, na ndio tuliokuwa tumeupeleka ofisini. Katika mchoro, karibu na 41 hapakuwa na mtu. Palikuwa na vilima viwili: wanafunzi 62 waliorundikana chini ya 35, na wanafunzi 50 waliokuwa juu ya 50. Tulikuwa tumemfundisha kwa mwaka mzima mwanafunzi wa alama 41 ambaye darasani hayupo. Tulipoyapitia majina ya kilima cha chini, wengi wao walitoka vijiji viwili vya mbali, kimoja kikiwa ng'ambo ya maji, na hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza, saa 1:30 asubuhi, wakati ambapo wengi wao huwa bado wako njiani.

Siku ile ndipo nilipoielewa pia ile asilimia tatu ya dunia. Nyuma yake wamo waliofungua ukurasa kwa udadisi tu na hawakukusudia kusoma, wamo waliopata walichokitaka katika wiki ya nne wakaondoka wameridhika, wamo wenzetu walioacha jikoni kabla ya magharibi, na wamo wawili wetu waliomaliza bila kuandikwa. Tarakimu moja imetiwa juu ya vilima vingi, kisha watu wakaanza kumtafutia dawa mwanafunzi wa wastani.

Hisabati ya Kidato cha Pili tumeihamisha baada ya mapumziko. Mchoro umebandikwa katika chumba cha walimu, na mtihani ujao tutauchora juu yake kwa wino wa rangi nyengine. Halaka ya pili ya takwimu imeshapata majina kumi na moja, manne kutoka skuli jirani. Mwenzetu aliyejifungua ni miongoni mwao. Ameomba siku ya Jumanne ihamishiwe Jumatano, kwa kuwa Jumanne ndiyo siku yake ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake Kinyasini, na imehamishwa.